Kishada cha Kofia ya Eben Haddow

Nenda Tarbrae leo, uulize habari za Eben Haddow, utapata waongo wa kukutosha. Huyu atakwambia yeye ndiye aliyemfundisha kupiga chenga. Yule atasema aliwahi kumbebea viatu. Yupo kibogoyo mmoja anayeapa kwamba aliuona kwa macho yake ule mguu wa kushoto siku ya mechi na Waairishi, na kila mtu anajua siku hiyo alikuwa kitandani na surua. Ndivyo walivyo watu wa kijiji chetu. Mtu akiwa hai wanamsengenya, akifa wanagombania kubeba jeneza.

Aliyemjua kweli ni dada yake Grizel, aliyekaa naye nyumba moja, na Grizel hakuwa na hadithi ya kumpa mtu. Ukimtajia mpira aliendelea kumenya viazi vyake. Kwa miaka mingi alimdharau ndugu yake kwa bidii, kama wengine wanavyokwenda kanisani, na wala hakuficha. Sababu alikuwa nazo tele.

Eben alizaliwa Safu Ndefu, nyumba ya tisa, vyumba viwili na kitanda cha ukutani, kilichojengwa ndani ya ukuta wa jikoni. Baba yake alikuwa mchimbaji wa makaa, na mtoto alipofika miaka kumi na mitatu alishuka naye mgodini. Wiki ya saba dari likaanguka. Waliwafukua kesho yake jioni. Mzee Haddow alikuwa amekwisha kufa, na Eben amelala ubavuni pake bila hata mchubuko. Akaomba maji, akanywa, akalala. Hakulia siku hiyo, na makaburini hakulia. Mwezi haujaisha, yuko nyuma ya stesheni anapiga mpira wa matambara ukutani tangu asubuhi mpaka giza. Grizel, aliyekuwa na miaka kumi na saba na macho yaliyovimba kwa kilio, alimtazama akaamua kwamba pale wenzake walipowekewa moyo yeye aliwekewa jiwe. Uamuzi huo aliukumbatia miaka ishirini na mmoja.

Mgodini Eben hakurudi. Aliomba kazi ya juu, kwenye meza za kuchambua mawe yaliyochanganyika na makaa, wanakofanya kazi wanawake, vikongwe na waliokatika viungo. Mvulana mzima mwenye afya, amefunga aproni! Grizel alichambua mawe meza hiyo hiyo, na kila wachimbaji walipopita wakiita "Bibi Eben, u hali gani?" ni yeye aliyeona haya. Mwenyewe alicheka tu na kuyapiga mawe kwa kisigino. Sasa nyumba za Safu Ndefu ni mali ya kampuni, na hukaa humo mwenye mwanamume anayeshuka. Nyumba isiyo na mchimbaji haina haki ya kuwa na moshi. Miaka mitatu mama yao, Marion, alimweka mpangaji mchimbaji chumba cha mbele, na wao wanne wakajibana jikoni, mpaka Adie, kitinda mimba, alipofika miaka kumi na mitatu na kushuka badala ya kaka yake. Adie hakuulizwa kama anapenda.

Halafu ule mguu wa kushoto ukakua, na waliokuwa wakisema Bibi Eben wakapatwa na usahaulifu. Funga mabao matatu dhidi ya kijiji jirani, Tarbrae itakusamehe hata ukimuuza shangazi yako. Alipotimiza kumi na tisa akaja bwana mmoja wa klabu ya Harrowdale, mji wa viwanda vya pamba huko Uingereza, akamkuta Eben anakula uji wa shayiri, na kabla bakuli halijapoa mkataba ukawa umetiwa sahihi. Aliondoka na kofia mpya ngumu na sanduku la makaratasi. Njia ya stesheni inapita makaburini. Alipita upande wa pili wa barabara.

Miaka kumi na mitano alicheza huko, winga wa kushoto, na katika miaka hiyo alituma nyumbani picha zake. Picha amekunja mikono. Picha ameweka mguu juu ya mpira. Picha amesimama na wenzake kumi, yeye tu ametazama pembeni ili pua ionekane. Marion alizipachika zote. Ukutani Eben alijaa tele, mezani hakuwepo. Adie, aliyeshuka mgodini kila siku ya Mungu ili ukuta huo uendelee kuwa wao, hakupigwa picha hata moja.

Na ile kofia. Nchi yetu humpa kila anayeichezea kofia ya mahameli yenye kishada cha nyuzi za dhahabu. Wako waliopata kumi, wako waliopata ishirini. Eben alipata moja. Mechi moja, na Waairishi, mvua inanyesha, na hata hiyo aliitwa kwa sababu winga wa kwanza alivunjika kidole na wa pili alikuwa anafiwa na mkwe. Hakufunga bao. Alipiga kona mbili, moja ikatoka nje. Lakini kofia ilipofika Safu Ndefu, Marion aliiweka ndani ya kuba la kioo juu ya kabati, na watu wakaja kuitazama kwa zamu, wamevua za kwao.

Ngoma ikilia sana, kupasuka ni karibu. Goti likaharibika, na msimu ulipokwisha Harrowdale wakatoa orodha ya wachezaji wanaobaki, jina lake halimo. Akarudi Tarbrae mwezi wa Mei, miaka thelathini na minne, anachechemea. Bendi ya mgodi ilikwenda kumpokea nusu nusu, maana wapiga tarumbeta walikuwa kwenye mashindano ya njiwa. Eben alishuka treni akapunga mkono kama watu ni elfu ishirini. Mfukoni alikuwa na vikadi vile vinavyotiwa katika pakiti za sigara, vimechapwa sura yake, na akagawa kwa kila mtu, mpaka kwa mkuu wa stesheni, mpaka kwa kipofu.

Siku hiyo hiyo jioni aliomba maji ya kuoga. Beseni likawekwa mbele ya moto, akaingia, mweupe pe kama mkate usioiva.

"Grizel, hebu nisugue mgongo."

"Nikusugue nini?"

"Mgongo, dada. Harrowdale tunaingia bafu moja watu kumi na mmoja, maji mpaka shingoni, tunasuguana migongo. Nyie huku mnatembea na masizi ya mwaka juzi."

"Usimsikilize," akasema Marion kitandani kwake. Miguu yake ilikuwa imevimba tangu majira ya baridi na hakutoka tena ukutani. "Mgongo ukioshwa unalegea. Kila mtu anajua. Baba yako hakuosha wake maisha yake yote."

"Na ulimsaidia nini?" akauliza Eben.

Adie akaweka kijiko chini. Grizel akaitupa brashi majini, maji yakamruka Eben usoni.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na jembe la Tarbrae ni sururu. Eben alipewa wiki tatu. Alilala mpaka jua linafika dirishani, akaamka, akala mayai aliyoachiwa Adie, akaenda kukaa kwenye ukuta wa stesheni kusimulia zile kona mbili. Ile iliyotoka nje ilikuwa inazidi kukaribia goli kila siku. Wiki ya nne Adie akaweka tiketi ya meli mezani. Anakwenda Kanada.

"Miaka kumi na minane nimeishika nyumba hii," alimwambia kaka yake, bila hasira. "Mpangaji siku hizi kampuni haimkubali. Zamu yako, Eben."

"Haina shida. Nenda salama. Nimebeba klabu nzima mabegani, nishindwe na nyumba ya vyumba viwili?"

Adie akaondoka Jumatano. Ijumaa akaja Bwana Cadzow, karani wa nyumba za kampuni, kitabu kwapani. Alipomwona Eben alivua kofia, akakaa, wakaongea habari za nusu fainali fulani muda mrefu mpaka chai ikapoa. Kisha akakumbuka kazi yake, akajikohoza.

"Mama Haddow, unaijua sheria. Adie amekwenda. Alhamisi ijayo nisipoliona jina la Haddow kwenye kibanda cha taa, wanapoandikwa wanaoshuka, nitakuja kuchukua ufunguo. Samahani sana."

"Na mimi niende wapi, bwana?"

Cadzow aliangalia kitabu chake. "Nyumba ya maskini wana vitanda."

"Bwana Cadzow, mimi ninafanya kazi pale pale mgodini," Grizel akasema.

"Wewe ni mwanamke, Grizel. Huhesabiki."

Eben akampiga karani begani kwa kirafiki. "Cadzow, rafiki yangu, usiwatishe wanawake. Jumatatu naanza." Na akampa kikadi.

Nisimwonee. Jumatatu aliamka kweli, akavaa suruali ya Adie, akabeba chupa ya chai na mkate, akatoka. Ilikuwa Juni, saa kumi na moja alfajiri jua limeshatoka. Wenzake walitangulia, yeye akawa nyuma kwa ajili ya goti. Saa kumi na mbili kasoro alikuwa amerudi, amekaa mbele ya moto.

"Nimekutana na mwanamke darajani," alisema.

Hapo hakuna wa kumlaumu. Mchimbaji akikutana na mwanamke njiani alfajiri anageuka, anarudi kwake, hiyo siku imeharibika. Msimamizi mwenyewe aliwahi kurudi kwa sababu ya mama mkwe wake. Ndiyo maana wanawake wa mezani wanapita njia ya nyuma, chini ya kilima cha kifusi, na wa Safu Ndefu hawatoki kuteka maji mpaka honi ya mgodi ilie. Grizel alikunja uso, akasema, "Basi kesho."

Jumanne akakutana na mwanamke tena.

"Kesho," akasema Grizel, na sauti yake haikuwa ile ya jana.

Jumatano akakutana na mwanamke. Marion alikuwa macho kitandani, mikono juu ya blanketi. "Siku zangu mbaya hizi," alisema. "Mwanangu anajitahidi lakini ana mkosi." Eben aliuliza kama kuna siagi.

Grizel alirudi kutoka kazini saa tisa, na kwa kuwa hakujiamini kukaa karibu na ndugu yake, alichukua kitambaa akaanza kufuta vumbi. Alifuta meza, akafuta rafu, akafikia kuba la kioo. Akasimama. Kofia ilikuwamo, mahameli yake ileile, lakini kishada hakipo. Alinyanyua kioo. Nyuzi zilikuwa zimekatwa kwa mkasi, sawasawa.

Alikwenda na beseni la nguo kwenye jengo la kufulia la safu, ambako siku hiyo ilikuwa zamu ya Leezie Baird, jirani yake na shoga yake wa tangu utotoni, na ambako wanawake saba walikuwa wamejaa mvuke mpaka nyusi. Mmoja wao alikuwa Teenie Lawrie wa nyumba ya ishirini na mbili, msichana mzuri asiye na hatia yoyote isipokuwa uzuri. Mkononi Teenie alikuwa na kimfuko kipya, na kwenye kimfuko kinaning'inia kishada cha nyuzi za dhahabu.

"Teenie, mwanangu," akasema Grizel, "hicho umekipata wapi?"

"Nimepewa."

"Na nani?"

"Na mtu."

"Mtu huyo anachechemea?" aliuliza Leezie, na wanawake wakaacha kusugua.

Teenie akaiva shingo. "Kwani kuna ubaya gani? Aliniambia nipite tu pale darajani saa kumi na moja na nusu, siku tatu nne hivi. Nipite tu. Hakunigusa, wala hakusema neno, alivua kofia akageuka. Mimi nilidhani ndivyo wanavyochumbia Uingereza."

Walicheka, mpaka mmoja akakaa kwenye ndoo. Leezie alicheka zaidi ya wote, kisha akauona uso wa Grizel, akaokota shati lake majini.

"Kesho ni Alhamisi," Grizel alisema. "Cadzow anakuja."

"Kwa hiyo bwana mkubwa," Leezie akasema pole pole, "nyota wa taifa, kona mbili, anamwacha mama yake apelekwe kwenye nyumba ya maskini kwa sababu hataki kuchafua kucha."

"Ndivyo."

"Mimi nimemzika mume na mwana kwenye shimo lile, na bado mwanangu mwingine anashuka. Huyo wenu ana nini cha zaidi? Mguu?" Alikamua shati kama shingo ya mtu. "Sikilizeni nyote. Kesho mwanamke wa Safu Ndefu atakayetoa hata pua nje kabla ya honi, asije kufulia hapa tena. Atafulia mtoni, na mto umeganda na uchafu. Mnanisikia? Mapazia chini. Anayetaka kujifungua asubiri."

"Na mimi je?" aliuliza Teenie.

"Wewe utalala kwangu, na mlango nitaufunga mwenyewe. Lete hicho."

Teenie akakifungua kishada akampa Grizel. Grizel alikitia mfuko wa aproni. Nia yake ilikuwa kukitupa usoni kwa Eben siku itakayokuwa na watu wengi zaidi.

Kesho yake Grizel aliondoka mapema kuliko siku zote, kwa njia ya nyuma. Hakwenda mezani. Mlango wa kizimba cha chuma cha kushukia shimoni unatazamana na njia ya reli ndogo, na pale yamesimama mabehewa ya makaa. Alijibanza kati ya mabehewa mawili, mahali anapoona daraja, lango na kizimba, na mtu wa kule hamwoni. Alitaka kuona. Tuseme kweli, alitaka kumwona akikosa pa kukimbilia. Raha hiyo aliingoja tangu ana miaka kumi na saba.

Wachimbaji wakapita, wakachukua taa, wakashuka mkupuo wa kwanza, wakashuka wa pili. Kisha Eben akatokea darajani, peke yake. Alikuwa amevuka safu nzima, milango arobaini imefungwa, mapazia yameshushwa, hakuna hata paka jike. Nyuma ya kila pazia palikuwa na jicho, na hakuna asiyejua macho yakimtazama, hasa yeye. Juu ya daraja akasimama. Akafunga kamba za kiatu. Akazifungua, akafunga tena. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Grizel aliuma ncha ya shali lake asicheke.

Akaja. Mtu wa kibanda cha taa, mzee mmoja mwenye mkono mmoja, alimpa taa na kuandika jina.

"Leo hukukutana na mtu, Eben?"

"Leo hakuna."

"Basi bahati yako imerudi."

Akasogea kwenye kizimba, akasimama hatua tatu kutoka mlangoni, ubavu wake kwa mabehewa. Ndipo Grizel aliposikia sauti ndogo, chuma kwa chuma, haraka haraka. Hakujua ni nini. Akatazama taa. Eben alikuwa ameishika kwa mikono miwili, na bado ilikuwa ikigonga kifungo cha koti, ti ti ti ti, kama meno. Uso wake ulikuwa mweupe kuliko siku ya beseni. Midomo ilikuwa ikicheza, naye hasemi chochote. Alikuwa anatazama shimo lile chini ya kizimba kama anavyolitazama aliyekwishalala humo usiku na mchana ubavuni mwa baba yake.

Grizel hakuwa mjinga, lakini kuna mambo mtu hukaa nayo nyumba moja asiyaone. Meza ya mawe. Mpira wa matambara kutwa nzima, nje, penye jua. Upande wa pili wa barabara pale makaburini. Kishada, kitu pekee duniani alichokuwa nacho cha kuonyesha, amekikata kwa mkasi. Mvivu hakati kishada. Mwenye maringo ndiyo kabisa. Mkono wa Grizel ulikuwa mfukoni mwa aproni, na zile nyuzi zimemzunguka kidole.

Kumwokoa kulikuwa kazi ndogo. Hatua moja. Mwanamke atokeze, Eben ageuke, arudi nyumbani akaulize siagi. Na mchana Cadzow aje, na Marion abebwe kwa mkokoteni na miguu yake ile, mbele ya safu nzima, mpaka penye vitanda. Alimwona mama yake. Akamwona na ndugu yake. Wote wawili aliwaona vizuri, na hakuna aliyemsaidia kuchagua.

Kokoto zikalia chini ya kiatu chake. Mpaka anakufa hakujua kama aliteleza au alitaka. Alijikuta nusu ya mwili iko nje ya mabehewa, aproni nyeupe kwenye jua.

Eben aligeuza kichwa. Wakatazamana, si zaidi ya hatua nane. Taa ikaacha kugonga. Mwanamke huyo hapo, mbele yake, kabla ya honi, na sheria ya Tarbrae yote iko upande wake, angeweza kurudi nyumbani na hata Leezie Baird asingekuwa na la kusema.

Alimtazama dada yake. Kisha akamtazama kama mtu anavyotazama behewa. Akainama, maana mlango wa kizimba ni mfupi, akaingia. Kengele ikapigwa mara tatu, na kamba ikaanza kukimbia.

Cadzow alikuja saa sita, akapiga alama kwenye kitabu chake, akanywa chai. Habari ya miaka kumi na saba iliyofuata haina sukari. Eben alishuka kila siku, akawa mchimbaji wa kawaida, tena mzembe kidogo, na goti lake ndilo lililosababisha matusi mengi kule chini. Majivuno hayakumtoka. Jumapili alirudi kwenye ukuta wake wa stesheni, na ile kona iliyotoka nje mwishowe ikaingia golini. Wiki ya pili kishada kilionekana kimeshonwa tena kwenye kofia, kwa uzi mweusi usiolingana, na hakuuliza nani ameshona. Akafa kwa kifua, kitandani mwa ukuta, mwaka mmoja baada ya mama yake, naye mama alifia hapo hapo. Sasa kijiji kizima kinamlilia winga. Waache walie, hawakuona lolote.

Ila ile Alhamisi ya kwanza alirudi saa tisa na nusu, mweusi wa kutisha, macho na meno tu. Marion alimwita amshike mkono, akamwachia alama nyeusi kwenye blanketi, naye mama hakutaka ifutwe. Grizel alikwisha weka beseni mbele ya moto. Eben akavua shati akapiga magoti. Grizel akamwosha kichwa, akamwosha shingo na mikono, maji yakawa wino. Akasuuza kitambaa, akakileta mabegani.

"Mgongo uache, dada," alisema.

Grizel akarudisha kitambaa majini. Marion alikuwa amesinzia. Moto ukadondosha kaa moja, naye akalirudisha kwa koleo.

"Eben. Asubuhi, pale kwenye mabehewa."

Alichota maji kwa viganja, akajimwagia usoni, akakaa hivyo na mikono imefunika macho.

"Sikukutana na mtu," akasema.